Mwongozo kamili wa kuwatazama shomoro wakilea makinda katika sanduku la roshani, Mombasa

Malalamiko ninayoyasikia baada ya kila masika hayabadiliki. Sanduku limetundikwa, shomoro wamekuja, wameingiza majani kwa siku kadhaa, pengine mayai yametagwa, kisha asubuhi moja kukawa kimya. Mwenye nyumba husema ndege wa mjini hawalei watoto mbele ya watu. Hilo si kweli. Shomoro hulea chini ya vigae vya Mji wa Kale, ndani ya mabomba ya viyoyozi vilivyoharibika na nyuma ya mabango ya maduka, huku watu wakipita chini yao kutwa nzima.

Nimechunguza masanduku mengi yaliyoshindwa, yakiwemo yangu mwenyewe, na sababu hazizidi tatu: jua, kunguru, na sisi wenyewe tunaotazama. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpango huo. Sanduku la Mombasa hujengwa kwanza kwa ajili ya kivuli, pili kwa ajili ya kumzuia kunguru, na mambo yote ya kutazama hupangwa na kumalizika kabla ndege hajaliona tundu.

Ndege unaomtarajia

Anayeingia kwenye sanduku la roshani hapa kwetu ni shomoro, ambaye wengine humwita jurawa. Wako wa aina mbili. Shomoro wa majumbani unamtambua kwa dume lake, ambaye ana utosi wa kijivu na weusi unaoanzia kooni na kushuka kifuani. Jike lake ni la rangi ya vumbi, na lina mstari hafifu nyuma ya jicho. Wa pili ni shomoro mwenye kichwa cha kijivu kitupu, asiye na weusi kooni, ambaye dume na jike lake hufanana.

Usimngojee chozi wala shore. Chozi hufuma kiota kinachoning'inia mfano wa kifuko, mara nyingi kwenye tawi la bogonvilia au hata waya wa taa, na shore hujenga kikombe kilicho wazi ndani ya kichaka. Hao hawaingii ndani ya sanduku, hata liwe zuri namna gani.

Vifaa

Kusanya vitu hivi vyote kabla ya kuanza, kwa sababu kazi inayosimama nusu humkuta ndege amekwisha kuanza kuchagua mahali.

- Mbao za saipresi, au mabaki ya mbao ngumu kutoka kwa fundi seremala, zenye unene usiopungua sentimita 2. Plaiwudi nyembamba na mbao za unga uliogandishwa kwa gundi hazifai, kwa kuwa hewa ya bahari huzivimbisha na kuzipasua.
- Kipande kimoja cha ziada cha mbao ngumu, sentimita 10 kwa 10, chenye unene wa sentimita 3. Hiki ndicho kinga ya tundu, nami nitakieleza mbele.
- Skrubu, bawaba mbili na komeo la stenlesi au shaba. Misumari ya kawaida huliwa na chumvi, na msimu wa pili haujaisha sanduku huwa linalegea.
- Rangi nyeupe ya maji, kwa upande wa nje pekee.
- Kipimajoto kidogo.
- Usumba wa nazi, majani makavu na manyoya machache ya kuku.
- Grisi kidogo.
- Kamera ndogo yenye mwanga wa infraredi, ukiweza kuinunua. Asiyeweza asikate tamaa. Pazia jepesi, kiti na darubini vinatosha, na nitaeleza namna ya kuvitumia.
- Daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Chagua ukuta

Hatua hii huchukua siku mbili, na wengi huiruka. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hukaa juu sana mwaka mzima na dari la roshani hulizuia lenyewe. Jua linaloua mayai ni lile linaloingia kwa ubavu, na kali zaidi ni la alasiri, wakati ukuta wa zege umekwisha kunywa joto la kutwa nzima. Roshani inayotazama magharibi ni ya kuepukwa. Ikiwa huna nyingine, tafuta ukuta wa pembeni ambao jua la saa tisa na saa kumi haliufikii kabisa.

Jambo la pili ni upepo. Mvua ya masika huja na kusi, ikipiga kwa mshazari kutoka kusini na kusini mashariki, na tundu lililoelekea huko huijaza sakafu ya kiota maji kwa usiku mmoja. Elekeza tundu kaskazini au kaskazini mashariki. Kaskazi nayo huvuma, lakini huvuma katika miezi mikavu zaidi na haileti mvua ya namna ile.

Angalia pia feni. Nyumba nyingi za Nyali na Bamburi zina feni za dari roshani, na shomoro anayetoka kiotoni kwa kasi hana nafasi ya kukwepa. Ama feni izimwe msimu mzima, ama sanduku liende kwingine.

Mafanikio ya hatua hii ni kuwa na ukuta ambao umeukagua saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, ukaukuta kivulini mara zote tatu, au angalau mara mbili za mwisho.

Hatua ya 2: Jenga sanduku

Vipimo vya ndani ni sakafu ya sentimita 15 kwa 15 na kimo cha sentimita 25. Ukitaka kuweka kamera, ongeza sentimita 5 za kimo. Tundu liwe na kipenyo cha sentimita 3.5, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 15 au zaidi juu ya sakafu.

Kila kipimo kina sababu yake. Tundu la sentimita 3.5 humtosha shomoro bila kumkwaruza, na kunguru hawezi kupitisha kichwa. Kina cha sentimita 15 huwaweka makinda mbali na mdomo unaochungulia. Kisha kuna ile kinga ya tundu: toboa kipande cha mbao cha sentimita 3 kwa kipenyo kile kile, ukikaze kwa skrubu mbele ya tundu. Sasa mlango umekuwa njia fupi yenye urefu wa sentimita 5 badala ya 2. Kunguru akiingiza mdomo, mdomo wake huishia ndani ya unene huo, hawezi kuupinda kwenda chini, na baada ya majaribio machache huondoka. Nikiulizwa nitaje jambo moja tu ambalo mtu asilipuuze katika ukurasa huu wote, nitataja kipande hiki cha mbao.

Usiweke kijiti cha kutulia mbele ya tundu. Fundi wangu alinishangaa.

"Mzee, bila kijiti ndege atatuaje?"

"Fundi, shomoro hushika ukingo wa tundu kwa kucha. Kijiti hicho ni kiti cha kunguru."

Alitikisa kichwa, lakini hakukiweka. Sanduku langu la kwanza, ambalo nililinunua likiwa tayari, lilikuwa na kijiti pamoja na tundu pana la sentimita 5. Kunguru alisimama pale kwa utulivu kama mtu aliyekaribishwa, akatoa makinda watatu mmoja mmoja, nami nikatazama kutoka jikoni bila kuwahi.

Toboa matundu manne ya milimita 6 kwenye sakafu ili unyevu utoke, na matundu mawili ya milimita 10 kila upande, chini kidogo ya paa, ili hewa ya moto ipate njia. Paa litokeze mbele kwa sentimita 6. Mlango wa kufungulia uwe ubavuni, wenye bawaba na komeo, kwa kuwa sanduku litakaa karibu na dari na paa halitafunguka. Ukuta wa ndani, chini ya tundu, ukwaruzwe kwa ncha ya msumari ili makinda wapate mahali pa kushika siku ya kutoka. Mbao iliyopigwa randa ikawa laini huwafungia ndani.

Paka rangi nyeupe nje, acha ndani mbao tupu, kisha liweke sanduku mahali penye hewa kwa wiki mbili hadi harufu iishe.

Hatua ya 3: Weka kamera sasa, si baadaye

Kamera hukaa darini mwa sanduku, ikitazama chini. Hakikisha inaona vizuri kwa umbali wa sentimita 20, kwani nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya vyumba na picha ya karibu hutoka ukungu. Weka kifuniko cha mtindi kwenye sakafu, usome maandishi yake kwenye simu. Yakisomeka, yai litaonekana. Mwanga uwe infraredi ya nanomita 940, ambayo haionekani kwa macho. Kama kamera ina taa nyeupe inayowaka yenyewe gizani, izime katika mipangilio, na isipozimika ifunike kwa utepe mweusi.

Waya utokee nyuma, na kabla haujaingia sandukuni uuache uning'inie kidogo chini ya kitundu chake, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuufuata hadi ndani. Umeme ukikatika ndege hadhuriki. Kinachopotea ni picha zako tu, na pawabanki ya kawaida itakuvusha saa kadhaa.

Ukiwa huna kamera, huu ndio wakati wa kuchagua mahali pa kukaa. Keti ndani ya nyumba, nyuma ya pazia jepesi, angalau mita 3 kutoka kwenye sanduku, na pazia hilo libaki limefungwa hivyo hivyo msimu mzima. Shomoro huzoea kitu kisichobadilika. Pazia linalofunguliwa leo na kufungwa kesho humtia wasiwasi kuliko mtu anayepita kila siku saa ile ile.

Onyo: usiongeze kamera baada ya kiota kuanza. Ukiwa umechelewa, tazama msimu huu kwa darubini.

Hatua ya 4: Tundika, kisha pima joto

Kaza sanduku ukutani kwa skrubu mbili, liwe juu kabisa, na baina ya paa lake na dari ibaki nafasi ya kiganja kilicholala, yaani sentimita 8 hadi 10. Nafasi hiyo hupitisha hewa, lakini ni ndogo mno kwa kunguru kusimama. Lisining'inie kwa kamba. Sanduku linalopepea na kusi halikaliwi.

Kama linashikiliwa na mkono wa chuma, paka grisi kwenye chuma hicho, karibu na ukuta. Sisimizi huweza kumaliza kiota chenye makinda wachanga kwa usiku mmoja, na grisi ndiyo kizuizi chao. Isiguse sanduku wala mahali ndege anapotua, kwa sababu manyoya yaliyoshikana kwa mafuta hayarushi tena.

Sasa ingiza kipimajoto, ukisome saa tisa alasiri kwa siku tatu za jua. Joto la ndani likizidi la kivulini nje kwa nyuzi 1 au 2, hali ni njema. Likifika nyuzi 37, hamisha sanduku. Nasisitiza hivyo kwa uchungu. Nilikuwa na mayai manne ukutani upande wa magharibi, mwezi wa Februari, jike likiingia na kutoka kila dakika chache huku limeachama mdomo kwa joto, na sikuelewa kwamba lilikuwa likiniambia jambo. Hakuna yai hata moja lililoanguliwa.

Wakati mzuri wa kutundika ni Januari na Februari, kabla ya masika, au Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Shomoro wa pwani hawana msimu mmoja wa kuzaa, lakini mvua huleta wadudu, na makinda hulishwa wadudu.

Hatua ya 5: Andaa mazingira, kisha ondoka

Tandaza sakafuni usumba mkavu, tabaka jembamba tu. Weka mengine, pamoja na majani na manyoya, kwenye kikapu kidogo mwisho wa pili wa roshani, ndege achague mwenyewe. Ondoa kabisa nyuzi za kushonea, nywele ndefu, mshipi wa kuvulia na uzi wa tiara. Uzi mmoja mwembamba unaweza kumfunga kinda mguu, na kadiri anavyokua unazidi kukaza mpaka damu haipiti.

Usiweke chakula roshani. Makombo ya mkate na wali humwita kunguru kwanza, na kunguru aliyezoea kuja kula atabaki kuchunguza. Maji yanaruhusiwa: sahani yenye kina cha sentimita 3, mbali na sanduku, yabadilishwe kila siku ili mbu wasizaliane humo.

Zungumza na majirani mapema, hasa wa ghorofa ya chini anayeanika nguo. Mwambie kwamba kinyesi kitadondoka kwa wiki chache, na umuahidi utasafisha, kisha utimize ahadi hiyo. Mwambie pia anayesimamia jengo, ili siku ya kupuliza dawa ya wadudu roshani yako irukwe. Wewe nawe usipulize dawa ya mbu wala usiwashe udi wa mbu hapo. Wadudu waliokufa kwa dawa huishia midomoni mwa makinda.

Baada ya hapo, acha. Sanduku linaweza kukaa tupu wiki mbili au miezi mitano. Aliyelihamisha mara tatu kwa pupa huanza upya mara tatu.

Dalili ya mafanikio ni dume kukaa juu ya sanduku au kushika tundu, akilia mlio mfupi mmoja tena na tena, asubuhi nzima. Huyo anatangaza kwamba nyumba ameipata na sasa anataka mke.

Hatua ya 6: Kiota na mayai

Kujenga huchukua siku chache hadi wiki mbili. Mwanzoni kiota ni fujo: majani marefu, vipande vya karatasi, usumba. Likija jike na unyoya mweupe mdomoni, tega sikio na macho. Mara nyingi unyoya huwa mrefu kuliko tundu, naye hujaribu kuuingiza kwa ubapa, hushindwa, huudondosha, huufuata chini, kisha huushika kwenye ncha na kuingia nao nyuma yake kama mtu anayepitisha godoro mlangoni. Manyoya ni tandiko la mwisho, na yai la kwanza halipo mbali.

Jike hutaga yai moja kwa siku, asubuhi, hadi yatimie manne au matano, wakati mwingine matatu. Ni meupe yenye kijivu, na madoadoa ya hudhurungi. Usishtuke ukiona halalii mayai ya kwanza mchana kutwa. Kuatamia kwa dhati huanza yanapokaribia kutimia, na ndiyo sababu makinda huanguliwa karibu pamoja.

Andika tarehe ya yai la kwanza, maana hesabu yote inatoka hapo. Tuseme yai la kwanza ni tarehe 3 Mei na yote ni manne. La mwisho litakuwa tarehe 6. Kuatamia huchukua siku 11 hadi 14, kwa hiyo tazamia kuanguliwa tarehe 18 Mei au karibu na hapo, na makinda kuondoka mwanzoni mwa Juni.

Asiye na kamera atumie dalili za nje. Wakati wa kuatamia, sanduku huonekana kama limehamwa: ndege huingia, anakaa muda mrefu, hutoka, hurudi kimya. Wengi hudhani wameshindwa na hufungua mlango katika siku hizi hasa. Usifungue. Jike lililoshtuliwa wakati wa kuatamia ni rahisi kuliacha yai kuliko mzazi mwenye makinda kuwaacha watoto wake.

Hatua ya 7: Makinda

Siku ya kuanguliwa utaona mzazi akitoka na ganda mdomoni. Makinda huzaliwa uchi, vipofu, ngozi yao nyembamba kiasi cha kuonyesha tumbo lililojaa. Macho huanza kufumbuka siku ya 4 au ya 5. Kati ya siku ya 6 na ya 8 mabawa huota vijiti vya bluu iliyofifia, ambavyo ni ala za manyoya, na siku chache baadaye ala hizo hupasuka na kinda huwa na umbo la shomoro.

Kipindi kizuri cha kutazama ni kuanzia saa kumi na mbili unusu hadi saa tatu asubuhi. Wazazi hufanya safari kumi na zaidi kwa saa, wakileta viwavi, panzi wadogo na buibui. Nafaka huja baadaye. Mwenye kamera atazame jambo moja ambalo sichoki nalo. Kinda akishameza hugeuka, huinua makalio, na kutoa kifuko cheupe kilichofungika vizuri kama lulu iliyolainika. Mzazi hukipokea kabla hakijagusa kiota na kuruka nacho mbali. Asiye na kamera ataona mzazi akiingia na mdudu na kutoka na kitu cheupe, na hiyo ni habari njema yote anayoihitaji: ndani kuna makinda, wanakula, na wako wazima.

Onyo kubwa la mwongozo huu liko hapa. Kuanzia siku ya 10 tangu kuanguliwa, mlango wa sanduku usifunguliwe kwa sababu yoyote. Nilifungua siku ya 12, nikitaka picha moja ya simu. Makinda wawili waliruka kupita mkono wangu kabla hata simu haijawaka. Mmoja alianguka ghorofa tatu chini, kwenye maegesho. Walikuwa na manyoya ya kuwadanganya kwamba wanaweza, lakini hawakuwa na nguvu. Wangekaa siku tatu tu zaidi wangeruka wenyewe.

Kinda mmoja akifa, wazazi humtoa au humwacha chini ya wenzake. Hilo hutokea hata katika kiota kizuri, na mdogo kuliko wote ndiye huathirika zaidi chakula kinapopungua. Usiingilie.

Hatua ya 8: Siku ya kutoka

Kati ya siku ya 14 na ya 17, kinda hukaa tunduni kichwa kikiwa nje, akipiga kelele, na mzazi husimama mbali na chakula bila kukileta. Kinga ya tundu imemlinda hadi hapa, lakini kunguru ameshasikia kelele hizo. Hii ndiyo siku pekee ninayotaka uwepo roshani, siyo ndani. Keti kwenye kona ya mbali tangu alfajiri, kimya. Kunguru wa mjini anamwogopa mtu aliyeketi kumtazama, na shomoro aliyekulia mbele yako hatajali. Paka wafungiwe, na watoto waelezwe mapema wasikimbie.

Kunguru asiwekewe sumu na mtu binafsi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwapunguza kwa wingi, na kazi ya sumu ni ya wataalamu. Yako itaua mwewe, paka na shomoro wako.

Kinda akianguka, mtazame kwanza. Mwenye manyoya kamili na anayerukaruka mwache, au mpandishe kwenye chungu cha maua mahali pa juu. Wazazi watamlisha hapo kwa wiki moja au mbili. Aliye uchi mrudishe kiotoni kwa mkono safi, mmoja akishika mlango na mwingine akimwingiza haraka. Habari kwamba ndege hukataa mtoto aliyeguswa na binadamu si kweli. Usimtilie maji mdomoni, yatamwingia kwenye mapafu, wala usimpe mkate na maziwa. Kumweka kwenye tundu la kufugia hakufai, na tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kukamata na kufuga ndege wa porini bila kibali.

Hatua ya 9: Safisha

Hakikisha sanduku ni tupu kwa siku mbili au tatu, lakini usikawie zaidi, kwa sababu jozi ile ile mara nyingi hutaka kuanza tena karibu mara moja. Vaa barakoa na glavu. Ondoa kiota chote ndani ya mfuko, ufunge. Utaona utitiri, wale wale wanaosumbua kuku, wakitembea kwenye mbao. Mwagia maji yanayochemka, sugua pembe zote, kisha anika sanduku juani, mlango wazi, kutwa nzima. Dawa ya unga ya kuku isitumike. Nawa mikono kwa sabuni.

Ukikuta nyuki wamehamia badala ya ndege, usisogee wala usipulize chochote. Funga milango ya roshani, uite mlina asali aje usiku. Dondora wachache wakianza kisega darini, wakwangue mapema kabla hawajaongezeka.

Kabla ya kurudisha sanduku, futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, kaza skrubu zilizolegea, paka grisi upya, na kagua kinga ya tundu. Utakuta alama za mdomo wa kunguru zimechimba ukingo wa mbao. Zikifika nusu sentimita, badilisha kipande hicho, kisha tandaza usumba mpya na urudishe sanduku kabla ya jua kutua, kwa skrubu na matundu yale yale ya ukutani. Dume huwa tayari yuko kwenye waya wa nguo, akilia ule mlio wake mfupi.